Je, Nicolas Flamel aliwahi kuishi kweli?

SWALI: Mhariri, salaam. Tunasoma Harry Potter nyumbani. Binti yangu anashikilia kwamba Nicolas Flamel, yule mzee wa miaka 665 mwenye jiwe la kutengeneza dhahabu, aliishi kweli. Mimi nasema ni hadithi tu. Tuamulie.

JIBU: Binti yako ameshinda. Flamel aliishi Paris na kufariki 1418. Hata hiyo miaka 665 haikutupwa ovyo: kitabu kilitoka 1997, naye anakadiriwa kuzaliwa karibu 1330.

Kazi yake ilikuwa kunakili vitabu na hati kwa mkono, kwani Ulaya haikuwa bado na mashine ya kuchapa. Alimwoa Perenelle, mjane mwenye mali zake. Hawakujaliwa mtoto. Walinunua nyumba, wakapangisha, wakatoa sadaka nyingi makanisani na kwa maskini.

Dhahabu ilikuja baadaye. Watu walinong'ona kuhusu utajiri wake, kisha mwaka 1612 kikachapishwa Paris kitabu kilichodaiwa ni chake, kikisimulia jinsi yeye na Perenelle walivyogeuza zebaki kuwa dhahabu. Alikuwa kaburini karibu miaka 200! Wosia wake mwenyewe unataja mali na sadaka. Jiwe la ajabu halimo.

Mimi huyu wa kweli ndiye ananigusa zaidi. Nyumba aliyoijenga 1407 ingali imesimama, namba 51 mtaa wa Montmorency. Ukutani pamechongwa maneno: wanaume kwa wanawake wanaoishi humo, watu wa kazi za mikono, wanapaswa kila siku kusali Baba Yetu moja na Salamu Maria moja, Mungu awasamehe wakosefu maskini waliofariki. Mtu anayejenga nyumba ya namna hiyo hajidanganyi kwamba hatakufa.

Jiwe lake la kaburi alilichongesha mwenyewe angali hai: juu yupo Kristo kati ya Petro na Paulo, pamoja na jua na mwezi, chini umelala mwili wa maiti. Kanisa alimozikwa lilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, na jiwe likaja kuonekana dukani, muuzaji akikatia mboga mgongoni mwake. Sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Cluny, Paris. Mtafutie binti yako picha yake. Jua na mwezi vinaonekana vizuri kabisa, pembeni mwa Kristo.