Maswali ya dadu: tatu au nne, na ile "bahati yangu imeisha"

*Sisi watu wa Makorora tunaanza kampeni mpya (hadithi ndefu ya mchezo wa mezani, kila mtu anacheza mhusika wake), nusu wanataka kupata alama za wahusika, kama nguvu na akili, kwa kujumlisha dadu 3, nusu wanataka 4 halafu unatoa ile ndogo. Kuna tofauti kweli?*

Ipo tena kubwa jamani. Dadu 3 wastani wake ni 10.5, za 4 ukitoa ndogo unafika kama 12.2. Na ile 18 mnayoililia, alama ya juu kabisa, kwa dadu 3 ni nafasi 1 kati ya 216, kwa 4 ni kama 1 kati ya 62. Juzi hapa barazani Ngamiani mwenzetu katupa 6, 5, 5 na 1, ile moja tukaiweka pembeni akaandika 16, bila hiyo dadu ya nne angeweza kubaki na 12 au 11 hivi hivi. Mimi nasema chukueni 4, ila mkipata seti moja nzuri ya alama za mhusika, mtumie hiyohiyo wote meza nzima, maana nimeona mtu anakaa miezi na nguvu 7 huku jirani yake ana 17 kila kitu, anaacha kuja, na inauma sana kumpoteza mchezaji kwa sababu ya jioni moja ya kutupa dadu.

*Nimetupa mara 10 sita haijaja, si lazima ije sasa?*

Hapana ndugu yangu. Mara 10 bila sita hutokea kama asilimia 16, kawaida tu. Dadu haikumbuki, inayofuata bado ni 1 kwa 6.

*Kutupa dadu ya pande 20 mara mbili ukachukua kubwa kunasaidia kiasi gani?*

Inategemea unatafuta ngapi. Ukihitaji 11 kwenda juu unatoka asilimia 50 mpaka 75, hapo ndo utamu wake, lakini ukihitaji 20 yenyewe ni kutoka 5 mpaka 9.75 tu, kwa hiyo msiimalize kwenye mambo yasiyowezekana, iwekeni pale katikati.

*Nahisi dadu ya mwenzangu ina kasoro, nifanyeje bila ugomvi?*

Mwambie mpime wote pamoja, dadu zenu zote. Glasi ya maji ya vuguvugu, koroga chumvi mpaka dadu ielee (maji ya bahari ya Raskazone usichote, chumvi yake haitoshi, itazama), kisha izungushe kwa kidole mara nyingi uone upande gani unakuja juu. Ukija uleule kila mara basi ndani kuna kipovu cha hewa, tafuteni nyingine.