Madogo wa PCM, msiite namba tasa kabla hamjafika kwenye kipeuo

Jana jioni nilipita Mwanga, hapa Kigoma, nikawakuta madogo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) chini ya mwembe wanapiga msuli, mmoja anawahakikishia wenzake 8,633 ni namba tasa maana kaijaribu mpaka 31 imegoma. Roho iliniuma jamani. Mnasolvu integresheni ndefu kama reli ya kati halafu mnakwama kwenye kugawanya!

1. Kwa 7, 11 na 13 msigawe mara tatu: kata namba tarakimu tatu tatu toka kulia, toa, jumlisha, toa, jumlisha, ujaribu kinachobaki, kwa sababu 1,001 ni 7 × 11 × 13.

2. Jaribuni namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo cha pili, sio mpaka mchoke. Hapa naongea na kidonda. Nikiwa form five nilikuwa nawaelekeza wadogo zetu wa form two wakati wa prepu, dogo mmoja akaniletea 10,403, nikaanza na 2, 3, 5, nikamaliza zote 25 zilizo chini ya mia, hata 97 ikaacha baki, kengele ya kulala ikagonga nikamwambia andika tasa. Akaandika, na wenzake wote wakaandika maana kaka kasema. Kipeuo chake ni 101 na pointi, yaani ilibaki namba moja tu ya kujaribu, 101, na ndiyo hiyohiyo: 101 × 103. Kwenye jaribio wakaambiwa warahisishe 10,403 juu ya 10,609, wakaiacha vilevile. Ticha akauliza nani kawafundisha, yule dogo akanyamaza, hakunitaja. Kesho yake nikaenda kuwaomba radhi mbele ya ubao, wakanipokea vizuri tu, ila yeye hakuniletea tena swali mpaka namaliza shule.

Na wala haikuhitaji kugawa kokote, 10,403 ni 102 × 102 ukitoa 1, tofauti ya miraba miwili, yaani (102 − 1) × (102 + 1), nusu dakika umemaliza. Ile 8,633 ya jana nayo ongeza 16, yaani 4 × 4, unapata 8,649 ambayo ni 93 × 93, basi ni (93 − 4) × (93 + 4), yaani 89 × 97.

3. Namba ikiwa kubwa angalieni umbo lake kwanza. Mwanahisabati Fermat aliziona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja jumlisha 1), zote tasa, akaamini inayofuata kwenye mtindo huo, 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1, nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha inagawanyika kwa 641. Kipeuo chake kinapita 65,000, nani atajaribu zote hizo kwa mkono? Lakini umbo lile linalazimisha kila kigawo tasa kiwe kigawe cha 64 jumlisha 1, kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641.