Kuvuna na Kukausha Soya Wakati Mvua Haijakatika

Msimu ulionifunza zaidi kuhusu soya ni ule ambao mimea ilikomaa huku mvua ikinyesha kila baada ya siku mbili tatu, nami nikaamua kusubiri jua. Majani yalikuwa yameshapukutika, maganda yamegeuka rangi ya kahawia, na punje zilisikika zikicheza ndani kila nilipotikisa shina. Nilisubiri wiki tatu. Jua lilipotoka lilitoka kwa ukali, maganda yaliyokuwa yamelowa na kukauka mara kadhaa yakapasuka yenyewe, na siku nilipoingia shambani na mundu nilikuwa nikikanyaga mavuno yangu. Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba soya iliyokomaa iko salama inaposimama shambani. Penye unyevu, shamba ndilo ghala baya kuliko yote, na ni afadhali kuitoa soya humo ikiwa bado haijakauka sawasawa, mradi umeshajua utaikaushia wapi.

Hali ya hewa ikiwa nzuri, tangu takriban asilimia 95 ya maganda yabadilike rangi, siku 5 hadi 10 hutosha kuufikisha unyevu wa punje chini ya asilimia 15. Mvua ikiendelea, unyevu hupanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka kunaumiza zaidi kuliko ubichi wenyewe. Punje huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, ngozi yake nyembamba hukunjamana na kupata nyufa, na mshono wa ganda hulegea kila mara hadi siku unapoachia. Kuhusu kuota ndani ya ganda, manyunyu ya siku moja hayanitishi, kwa sababu punje hulazimika kunyonya maji yapatayo nusu ya uzito wake kabla ya kuchipua. Ninachoogopa ni siku kadhaa za joto na unyevu mfululizo, hasa pale maganda yanapokuwa yameanza kufunguka.

Kuvu ndio adui wa kimyakimya zaidi. Ukikuta punje zilizopauka kama chaki, zimesinyaa na kupasuka, mara nyingi huyo ni kuvu wa Phomopsis, na kila siku ya kuchelewa humwongezea nafasi. Madoa ya zambarau yanayosababishwa na kuvu mwingine, Cercospora kikuchii, huonekana ya kutisha kuliko madhara yake, ingawa mnunuzi anaweza kuyatumia kama sababu ya kushusha bei.

Anayetaka kujua hasara ambayo tayari imeanguka chini apime mita moja ya mraba na kuhesabu punje zilizolala juu ya udongo. Punje 1,000 za ukubwa wa wastani zina uzito wa takriban gramu 150, hivyo punje 40 kwa kila mita ya mraba ni sawa na kilo 60 kwa hekta. Mimi hupima sehemu tano au sita, kwa kuwa kingo za shamba hudanganya.

Sasa huanza kukata unyevu ukiwa umeshuka hadi asilimia 18 hivi, iwapo naona mawingu hayana dalili ya kuondoka. Hukata mashina kwa mundu karibu na ardhi na kuacha mizizi udongoni, nikifunga miganda midogo na kuisimamisha chini ya paa, vichwa juu, kwa nafasi ya kutosha upepo upite katikati. Soya iliyo ndani ya ganda lake, chini ya paa, hukauka polepole bila kulowa tena, na hilo ndilo jambo ambalo shamba haliwezi kunihakikishia. Usidanganywe na shina. Wakati mwingine shina hubaki kijani ilhali maganda yamekomaa kabisa, na anayesubiri shina likauke huishia kupoteza punje.

Saa ya kukata nayo ina uzito wake. Asubuhi yenye umande maganda huwa magumu na yenye unyevu mwingi kuliko alasiri ya siku hiyohiyo, na tofauti inaweza kufikia asilimia kadhaa. Wanaotumia mashine ya kuvuna huliona hilo haraka, kwa sababu mashina mabichi hukwama na maganda hupita bila kufunguka. Nao wanapaswa kunoa visu, kupunguza mwendo, na kurekebisha kasi ya kupura zaidi ya mara moja kwa siku, maana mpangilio uliofaa asubuhi huvunja punje saa tisa alasiri.

Kupura kwa fimbo kunahitaji subira ya aina yake. Punje inayobonyea chini ya ukucha bado ni laini, na ukiipiga utaichubua hata kama jeraha halionekani. Iliyokauka mno, chini ya asilimia 12, hugawanyika vipande viwili. Mimi hupura inapokuwa kati ya 13 na 15. Asiye na kipima unyevu atumie chumvi: weka chumvi kavu kabisa pamoja na punje katika chupa kavu yenye kifuniko, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi takriban asilimia 15. Mwenye kipimo naye asikiamini upesi, kwa kuwa punje zenye ubaridi au zilizolowa juu tu humpa namba ya uongo. Changanya sampuli kutoka sehemu mbalimbali, ifunge ndani ya chupa usiku kucha, upime tena kesho.

Kosa langu kubwa la pili lilitokea baada ya kupura. Tulimaliza giza likiwa limeingia, mvua ikaanza, nasi tukazirundika punje zote juu ya turubai moja na kuzifunika kwa jingine, tukiamini tumeziokoa. Alfajiri nilipochomeka mkono katikati ya rundo nilikuta joto, pamoja na harufu ya uchachu. Punje ya soya ni kitu hai. Hupumua, na ikiwa na unyevu mwingi hupumua kwa kasi, ikitoa joto na maji ambavyo ndani ya rundo havina pa kwenda. Karibu sehemu moja ya tano ya punje ni mafuta, na mafuta yaliyopata joto huanza kuharibika muda mrefu kabla ya ukungu kuonekana kwa macho. Laiti ningezitandaza sakafuni ndani ya nyumba usiku ule, hata bila kuzikausha, nisingeharibu chochote.

Kwa sababu hiyo, leo hupima sakafu kabla ya kunoa mundu. Tabaka la sentimita 4 hubeba takriban kilo 29 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kilo 500 zinahitaji kama mita za mraba 17. Nikiwa na nafasi ya kilo 500, sipuri kilo 800, hata kama vibarua wapo na siku ni nzuri.

Wengi hufikiri kwamba bila jua hakuna kukausha. Kinachokausha hasa ni hewa inayopita ikiwa na nafasi ya kubeba maji. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, katika joto la kawaida, huipeleka soya polepole hadi kwenye asilimia 12 au 13, hivyo siku ya mawingu yenye upepo inafaa kabisa. Hewa ya usiku iliyokaribia kujaa maji huirudishia punje ulichokitoa mchana. Ndiyo maana hukusanya na kufunika kabla umande haujaanza, kisha hufunua asubuhi turubai linapokuwa limekauka. Mchana hugeuza kila baada ya nusu saa au saa moja. Kichanja kilichoinuliwa hufanya kazi vizuri zaidi kuliko turubai lililolala ardhini, kwa kuwa hewa hupita juu na chini.

Moto hutumika kwa tahadhari. Niliwahi kuwasha moto katika chumba nilichokifunga madirisha yote ili joto lisipotee, na baada ya saa chache kuta zilikuwa zikitiririka maji huku soya ikiwa vilevile. Joto bila njia ya kutoa mvuke ni kazi bure. Soya ya mbegu isipate hewa yenye joto linalozidi nyuzi 40 za Selsiasi, na ile ya kukamuliwa mafuta isizidi 55 hivi. Hewa ikiwa kavu kupita kiasi, ngozi hupasuka hata kama joto si kubwa.

Tani moja yenye unyevu wa asilimia 18 hubaki kama kilo 942 ikishuka hadi 13. Hayo ni maji, hayana haja ya kuhuzunikiwa. Lakini ukiendelea kukausha hadi asilimia 9 kwa hofu, utabaki na kilo 901 hivi, na zile 41 za ziada umezitupa mwenyewe, pamoja na punje zitakazovunjika.

Kwa kuhifadhi miezi michache asilimia 13 hutosha. Kwa mwaka mzima nataka 12, na kwa mbegu 11. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa soya iliyokauka tu, kwani haikaushi kitu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na kwa wiki mbili za kwanza nachomeka mkono ndani ya kila moja nikitafuta joto.

Mbegu hupimwa kwa kuotesha punje 100 katika kitambaa kibichi kwa siku 7, na mimi hukataa fungu lisilofikia 80. Ile soya niliyoisubiri wiki tatu nilichagua zilizokuwa nzuri zaidi kwa macho, nikazipima hivyo hivyo, na zilizoota hazikufika nusu.