Kijana anatoka kituoni: makaratasi na mtu wake kwanza, godoro baadaye

Mkuu, umesema jumuiya yenu imechanga godoro, mtungi wa gesi na mtaji kidogo kwa kijana wa miaka 18 anayetoka kituo cha watoto huko Mbagala, na umeuliza kama inatosha. Mimi nimelelewa kituoni hapa hapa Dar, nikatoka baada ya kidato cha nne. Haitoshi.

Anzeni na makaratasi akiwa bado ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto hadi miaka 18, na umri wa kuomba kitambulisho cha taifa cha NIDA ni huo huo 18. Yaani siku anayoagwa ndiyo anaanza kuhitaji kila kitu kwa jina lake. Bila namba ya NIDA hasajili laini yake, na bila laini hana pesa ya simu wala mwajiri wa kumpigia. Fomu ya NIDA inauliza habari za wazazi, na vijana wengi wa vituoni hapo ndipo wanapokwama. Mlezi mkuu na afisa ustawi wa jamii wa Temeke ndio wanaojua historia yake, kwa hiyo waandike barua sasa. Akishaondoka, mlezi akahamishwa na faili likapotea, ataanzia wapi?

Chumba nacho kina mambo yake. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, na wanauliza "kwenu wapi?" Mmoja wenu aende naye kwa mwenye nyumba, kisha kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, atambulike kuwa ana watu.

Mtaji msimpe wote mara moja. Kituoni chakula kinaiva bila wewe kujua unga kilo bei gani. Mpeni wa wiki, mkae naye mpige hesabu ya nauli, LUKU na msosi, ndipo muongeze. Kama anapenda ufundi, ada ya VETA Chang'ombe itamfaa kuliko biashara ambayo hajawahi kuifanya.

Ila kubwa kuliko yote ni mtu. Sikukuu wenzake wakienda kwao, yeye anaenda kwa nani? Akilazwa, nani anampelekea uji? Mimi barua yangu ya posa ilipokelewa Tandika, kwa mama aliyekuwa mpishi wa kituo chetu. Wajomba wa mume wangu walikaa sebuleni kwake wakajadili mahari naye, na hadi leo wanangu wanamwita bibi. Vitu nilivyopewa siku ya kuagwa viliisha vyote. Chagueni familia moja, si kamati, ikubali kuandikwa kama ndugu kwenye kila fomu yake.

Cheti cha kuzaliwa anacho? Kama hana, nendeni RITA, wanaosajili vizazi, wiki hii na cheti chake cha shule ya msingi, na cha ubatizo kama kipo. Nijibu hapa niwaelekeze.