Faili Limekwama kwa Nani? Maswali Kuhusu Ofisi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma), Nairobi

Swali: Jirani alinivunja mkono. Niliripoti, nikapewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) na fomu ya P3 (fomu ya polisi ya kueleza majeraha), na daktari akaijaza. Sasa ni miezi mitatu, kesi haijaenda kortini. Niende kwa DPP nikaifungue mwenyewe? – *Mama, Kayole*

Jibu: Pole, mama. Kwa DPP hakufunguliwi kesi. Polisi ndio wanaopeleleza; kiongozi wa mashtaka, yaani afisa wa DPP anayeendesha kesi, husoma faili waliloandaa, kisha huamua: mtu ashtakiwe, faili lirudi kituoni kujazwa mapengo, au lifungwe.

Hapo kwenye mapengo ndipo mafaili mengi hulala. Kwanza tuulize, hiyo P3 iko wapi? Wengi hujaziwa na daktari kisha huiweka kabatini, wakidhani hospitali itaipeleka. Mrudishie afisa mpelelezi, pamoja na karatasi za matibabu ya siku ile ya kwanza, ukibaki na nakala. Soma pia daktari ameliitaje jeraha. Kosa la kumdhuru mtu mwili, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hakizidi miaka 5. Kujeruhi vibaya, kifungu cha 234, kunaweza kumfunga mtu maisha. Maneno ya daktari kwenye fomu ndiyo yanayomwelekeza kiongozi wa mashtaka achague kifungu kipi. Mwisho, hakikisha mashahidi wako wameandikisha taarifa na kutia sahihi. Shahidi aliyehama bila kuacha namba mpya ya simu ni pigo kubwa.

Ukishayafanya hayo na bado kimya, muone OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Akikuzungusha, andikia ofisi ya DPP, makao makuu yake yakiwa Upper Hill. Taja kituo, namba ya OB, tarehe na jina la mpelelezi. Barua isiyo na namba ya OB haina pa kuanzia. Kifungu cha 157 cha Katiba kinampa DPP uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze, na Inspekta Jenerali lazima atii.

Swali: Aliyenipiga amelipa hospitali na tumesameheana. Nikiacha kwenda kortini, si kesi itakufa? – *Msomaji, Kibera*

Jibu: Usijaribu. Kesi ni ya Jamhuri. Wewe ni mlalamishi na shahidi, na shahidi aliyeitwa akakosa kufika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Nenda siku ya kutajwa kwa kesi, umweleze kiongozi wa mashtaka, kisha hakimu. Kwa shambulio dogo mahakama yenyewe huruhusiwa kuhimiza mapatano. Hata DPP akitaka kuondoa kesi, lazima korti ikubali. Akiiondoa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, mshtakiwa huachiliwa moja kwa moja na hashtakiwi tena kwa kosa hilo. Unajisi wa mtoto ni jambo jingine kabisa: mbuzi na pesa za wazee wa kijiji haziufuti.

Swali: Hakimu amemwachilia mshtakiwa. Naweza kukata rufaa? – *Msomaji, Embakasi*

Jibu: Wewe huwezi, DPP ndiye anayeweza, na muda ni siku 14. Nenda kwa kiongozi wa mashtaka wa korti hiyohiyo siku ya hukumu au kesho yake, ukiwa na namba ya kesi. Ukingoja nakala ya hukumu ipigwe chapa kwanza, siku zitakwisha.