Puti haizibi tundu la kutu
Je, tundu la kutu kwenye bodi ya gari linaweza kuzibwa kwa puti, ule ute mzito unaopakwa na kukauka kabla ya rangi? Hapana, tundu la kutu kwenye sakafu au kizingiti cha mlango halizibwi kwa puti, hata uipake nene kiasi gani. Kata mpaka ufike kwenye bati zima linalong'aa, kisha uchomelee kipande kipya cha unene uleule. Puti ni ya kusawazisha mabonde madogo tu. Ukiijaza kwenye tundu, unyevu unaingia kwa nyuma, kutu inaendelea kula kimyakimya, na baada ya misimu michache puti inabanduka na tundu limekua.

Kwa Kombi ya Volkswagen jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu gari hilo halina chesisi (fremu ya chini) ya kufunguliwa kama lori: sakafu, mihimili ya chini na vizingiti vyote vimeungwa na bodi na ndivyo vinavyobeba uzito. Nilijifunza hili kwenye la kwangu. Nilichokonoa kwa bisibisi chini ya rangi iliyopendeza, ikazama yote.

Dawa ya kugeuza kutu inafaa, lakini kwa kutu ya juujuu pekee. Bati likishatoboka haina la kufanya.

Kama bajeti ni ndogo, pesa iende kwenye uchomeleaji na breki kwanza. Rangi isubiri hata mwaka, ila bati tupu lipake praima, yaani rangi ya kwanza ya kulikinga, siku hiyohiyo. Na kabla ya kuchomelea, tafadhali sana, toa waya za betri na ushushe tangi la petroli.