Zoezi zima la nini?

Msomaji wa Morogoro, mtaalamu wa mazingira, anauliza: aandike kwamba plazima, yaani gesi iliyopitishiwa umeme hadi ikawa moto kupindukia, "inachoma" PCB, ile sumu yenye klorini iliyomo kwenye mafuta ya transfoma za zamani, au "inateketeza"? Ameniwekea na sentensi ya taarifa yake: "Zoezi zima la uteketezaji wa PCB litafanyika kwa njia ya plazima."

Nitakujibu, ndugu yangu. Ila kwanza niachie hilo zoezi, limenikaa kooni siku nyingi.

Zoezi linatokana na kuzoea. Mwanafunzi hufanya zoezi la hesabu, mwanariadha hufanya mazoezi, wote wakirudiarudia mpaka waweze. Leo kuhesabu kura ni zoezi, kuchanja watoto ni zoezi. Msibani nimemsikia mtu mwenye kipaza sauti akitangaza "zoezi la kumpumzisha marehemu". Marehemu anazoezwa nini? Na PCB je? Molekuli yake ikishavunjika, hairudi kesho kujaribu tena. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza upesi, umeweka mwaka 2028 uwe wa kumalizana na taka hizo, wewe bado uko mazoezini! Hilo "zima" nalo, kwani kuna nusu zoezi? Rudisha kitenzi kazini: "PCB zitateketezwa". Maneno saba yamekuwa mawili, na hakuna kilichopotea isipokuwa ukubwa wa ofisi.

Sasa swali lako. Kuchoma, hapana. Mafuta hayo, ambayo wezi huyafyonza na kuwauzia wakaanga chipsi, ukiyachoma kwenye pipa nyuma ya karakana, moto hafifu unazaa dioksini, sumu mbaya kuliko uliyoanza nayo. Plazima haifanyi kazi kwa ndimi za moto. Katika mtambo uliobuniwa Australia na kuanza kazi Melbourne mwanzoni mwa miaka ya 1990, umeme hupitishwa kwenye gesi ya agoni hadi joto lipite nyuzi 10,000 za Selsiasi. Sumu ikiingia humo, klorini inabanduka kwenye kaboni. Kisha gesi inapozwa ghafla kwa maji ya alkali, klorini isipate mwanya wa kurudiana na mwenzake. Kinachotoka, zaidi ni maji ya chumvi.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, kitu kilichofinyangwa. Mwanasayansi Langmuir wa Marekani ndiye aliyeipachika gesi hiyo mwaka 1928. Plazima au plasma, sikugombezi.

Kuteketeza nako kunanuka moshi, lakini watu wameshalizoea kwa maana ya kuangamiza kabisa, nami sina nguvu za kupambana na magazeti yote. Ningekuwa mimi ningeandika kusambaratisha, maana molekuli inatawanywa vipande vipande. "PCB zitasambaratishwa kwa plazima." Mkuu wako akikurudishia taarifa akidai haijakaa kitaalamu, mwongezee "kwa mujibu wa mpango kazi". Atasaini.